Mafuta yakikwama baharini, Mbeya inalipa nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa kwenye sheli za Uyole na Mafinga, stendi ya Nane Nane jijini Mbeya na vijiwe vya madereva wa malori Tunduma. Kila mapigano yanapozuka karibu na Ghuba ya Uajemi, watu huuliza yale yale. Baadhi ya majibu yana hesabu za mfano, nawe weka namba zako mahali pa zetu. Pale jibu lilipokwisha kutolewa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mafuta yanatoka wapi

1. Kwani Tanzania haina mafuta yake?

Haina. Tuna gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, na hiyo inazalisha umeme na kuendesha viwanda. Petroli, dizeli na mafuta ya taa vinaagizwa kutoka nje vikiwa vimeshasafishwa. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni kilianza kusafisha mafuta ghafi mwaka 1966 na kikaacha kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo matangi yake yanatumika kuhifadhia mafuta tu.

2. Nani anayaleta?

Kampuni za mafuta haziagizi kila moja meli yake. Mahitaji yao hukusanywa na Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja (PBPA), zabuni hutangazwa, na mshindi huleta shehena kwa niaba ya wote. Sehemu kubwa ya shehena hizo hupakiwa nchi za Ghuba au pwani ya magharibi ya India, na safari ya baharini huchukua wiki moja hivi hadi siku kumi. Meli hushusha Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe tunategemea Dar es Salaam, wenzetu wa Ruvuma huhesabiwa upande wa Mtwara.

3. Huo Mlango-Bahari wa Hormuz unaotajwa kila siku redioni unatuhusu nini sisi wa milimani?

Ni njia ya maji kati ya Iran na Oman, na pale inapobana zaidi upana wake ni kilomita 33 hivi. Mwaka 2024 ilipitisha takriban mapipa milioni 20 kwa siku, karibu moja ya tano ya mafuta yote yanayotumika duniani. Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zina mabomba ya kukwepa njia hiyo, lakini hayawezi kubeba mzigo wote. Kuwait, Bahrain na Qatar hazina mlango mwingine wa baharini.

Sisi tunaguswa kwa njia mbili. Kwanza, meli zetu nyingi zinapakia ndani ya mlango huo. Pili, hata shehena ya India imesafishwa kutokana na mafuta ghafi ambayo sehemu yake imepita hapo hapo. Na si lazima njia ifungwe ndipo tuumie. Bima ya meli ikipanda kwa hofu tu, mwenye meli anaiongeza kwenye bei ya kusafirisha, na mzigo huo unafika hadi pampu ya Mbalizi.

4. Je, na Bahari ya Shamu?

Hii inatuuma kwa kuzunguka. Meli inayotoka Ghuba kuja Dar es Salaam haipiti huko. Ila tangu Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli mwishoni mwa 2023, vyombo vingi vya Ulaya na Asia vilihamia njia ya Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikirefuka, meli ile ile inafanya safari chache kwa mwaka, meli za kukodi zinakuwa adimu, na kodi yake inapanda kwa kila mtu.

5. Bomba la TAZAMA linapita mashambani kwetu. Mbona hatuchoti?

Swali hili huulizwa kwa hasira, hasa na watu wanaoona alama za bomba zimesimama kando ya shamba lao.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao. Muda si mrefu Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta kupitia huko, ikajikuta imekatiwa. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa ndege, kwenye mapipa, na kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma, kwenye barabara ya udongo iliyoua madereva wengi kiasi cha kuitwa barabara ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba lilikamilika: kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kwa hiyo bomba lenyewe ni mtoto wa mgogoro wa mafuta, na lilijengwa kuiokoa Zambia, ambayo inamiliki theluthi mbili. Tanzania ina theluthi moja.

Kwa miaka mingi lilibeba mafuta ghafi kwenda kiwanda cha Indeni kule Ndola. Hata kama ungelitoboa hapo Igawa usingepata kitu cha kutia kwenye Fuso. Tangu 2023 linabeba dizeli iliyosafishwa, na hapo ndipo swali lenu linapopata maana. Lakini ile dizeli imeagizwa kwa ajili ya Zambia. Ili Mbeya ichote, patahitajika sehemu za kuchotea kwenye bomba, matangi, mita, na makubaliano ya nchi mbili juu ya ujazo na kodi. Kitaalamu hilo linawezekana, na kwa maoni yetu lilistahili kufikiriwa mapema zaidi, maana malori yanayopanda Kitonga yakiwa na dizeli yanasafiri sambamba na bomba lenye dizeli.

6. Bomba la kutoka Uganda likikamilika, bei itashuka?

Hapana. Lile la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, ni la mafuta ghafi ya kuuzwa nje. Litaleta mapato ya kupitisha mzigo na ajira, halitaleta petroli Makambako. Rudi swali la 1 uone kwa nini.

## Bei inavyopangwa

7. Nani anaamua bei ya lita?

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo (bei ya juu kabisa inayoruhusiwa) kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mkoa na wilaya. Hesabu yake inaanza na bei ya shehena zilizopokelewa bandarini. Juu yake huja gharama ya meli na bima, gharama za meli kusubiri gati, thamani ya dola, kodi na tozo, faida ya kampuni, faida ya mwenye sheli, na mwisho usafiri wa lori hadi wilayani. Sheli inaruhusiwa kuuza chini ya kikomo, haina ruhusa ya kuuza juu yake. Ukitaka kujua kikomo cha wilaya yako piga *152*00# ufuate maelekezo, ni bure.

8. Kwa nini Mbeya tunalipa zaidi ya Dar es Salaam?

Ni usafiri. Kutoka bandarini hadi Iringa ni kama kilomita 500, hadi Mbeya 830 hivi, na Tunduma ni karibu mia moja zaidi. Kwa Mbeya mjini tofauti na Dar es Salaam imezoeleka kuwa shilingi mia moja na ushee kwa lita, Iringa ni pungufu ya hapo. Vijijini kwa Rungwe, Ileje au Makete inaongezeka.

Jambo linalosahaulika ni kwamba lori la mafuta nalo linakunywa dizeli. Dizeli ikipanda, gharama ya kuleta dizeli inapanda pia, kwa hiyo pengo letu na pwani halibaki pale pale.

9. Redio inasema pipa limepanda dola 10. Lita yangu itapanda shilingi ngapi?

Pipa moja ni lita 159. Gawanya 10 kwa 159, unapata kama senti 6.3 za dola kwa lita. Tuseme dola moja ni shilingi 2,600, hiyo ni takriban shilingi 160. Kwa hiyo kariri hivi: kila dola kumi za pipa ni shilingi 160 hivi za lita, kama ongezeko lote litafika. Dola ikibadilika, zidisha upya.

Ni makadirio tu, kwa sababu redio inataja mafuta ghafi nasi tunanunua yaliyosafishwa. Tofauti hiyo imeelezwa swali la 13.

10. Mwaka 2020 mafuta yalikuwa chini ya sifuri Marekani. Mbona hatukupewa bure?

Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba mmoja wa mafuta ghafi ya Marekani ulifunga kwenye dola 37 na senti 63 chini ya sifuri, kwa sababu watu walikuwa wamejifungia majumbani na matangi ya kule yalikuwa yanajaa. Ulikuwa mkataba uliokaribia kuisha muda wake, wa mahali pamoja. Bei huku ilishuka sana miezi iliyofuata, lakini haikuweza kukaribia sifuri. Sehemu kubwa ya kodi na tozo zetu hutozwa kwa kiasi maalumu cha shilingi kwa kila lita, si kwa asilimia ya bei. Mafuta yakishuka, shilingi hizo hazishuki. Ndivyo ilivyo pia yakipanda: soko la dunia likiongezeka maradufu, bei ya pampu haiongezeki maradufu, kwa kuwa sehemu kubwa ya bei hiyo imesimama palepale.

11. Vita vimeanza jana na sheli imepandisha leo. Ni halali?

Kama imebaki chini ya kikomo cha mwezi, ni halali, ingawa haipendezi. Kama imevuka kikomo, soma swali la 21.

Ongezeko la kweli huchelewa. Bei ya dunia inapanda leo, meli inapakiwa kwa bei hiyo, inasafiri, inasubiri gati, inashusha, na shehena inaingia kwenye hesabu ya mwezi unaofuata. Hesabu mwezi mmoja hadi miwili. Juni 2025, Israel ilipoishambulia Iran, pipa la Brent (mafuta ghafi yanayotumika kama kipimo cha bei ya dunia) liliruka kutoka karibu dola 69 hadi karibu na 80 ndani ya siku chache. Usitishaji mapigano ulipotangazwa tarehe 24, lilirudi chini ya 70. Mruko wote ulianza na kuisha kabla ya mafuta yaliyonunuliwa kwa bei hiyo kuingia kwenye hesabu ya pampu. Aliyewahi kupandisha nauli wiki ile kwa sababu ya vita alijipandishia mwenyewe.

12. Basi mbona ikishuka duniani, huku inachelewa kushuka?

Kwa bei ya pampu, sababu ni ile ile ya swali la 11: tunalipia shehena iliyonunuliwa zamani. Hapa kikomo cha EWURA kinatusaidia, maana sheli haiwezi kung'ang'ania bei ya mwezi uliopita.

Kwa nauli, mchele na usafiri wa mizigo hakuna kikomo kinachoshuka chenyewe. Bei hizo hupanda haraka na hushuka zikiburutwa, kama ng'ombe anayetolewa shambani. Wakulima na wasafiri wengi hawajui dizeli imeshuka kiasi gani, kwa hiyo hawadai.

13. Kwa nini wakati mwingine dizeli inapita petroli?

Dizeli inaendesha malori, meli, migodi, matrekta na majenereta, kwa hiyo mahitaji yake hayapungui hata bei ikiuma. Halafu si kila kiwanda kinaweza kuongeza dizeli kwa haraka. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, Ulaya ilianza kutafuta dizeli mbali na Urusi na ikagombania shehena za Ghuba na India, zile zile tunazonunua sisi. Mafuta ghafi yanaweza kutulia huku dizeli ikiendelea kupanda. Mkulima wa Mbarali mwenye pawatila aangalie bei ya dizeli, si ya pipa.

14. Dola inaingiaje hapa?

Shehena inalipwa kwa dola. Tuseme lita inafika bandarini kwa senti 60 za dola. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 1,500. Dola ikiwa 2,700, inakuwa 1,620, na hakuna aliyepigana wala bomba lililopasuka. Mwaka 2023 tuliona ubaya mwingine: dola zilikuwa adimu benki, waagizaji wakahangaika kuzipata, na sehemu ya misukosuko ya mafuta mwaka ule ilitokana na hilo.

Tena mambo haya mawili hupenda kuja pamoja. Mafuta yakipanda, nchi inahitaji dola nyingi zaidi kuagiza lita zile zile. Kahawa ya Mbozi, chai ya Mufindi na parachichi za Njombe ndizo baadhi ya vitu vinavyozirudisha.

15. Serikali haiwezi kuondoa kodi tu?

Inaweza kupunguza au kutoa ruzuku, na imeshafanya. Kuanzia Juni 2022 serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Hata hivyo Agosti mwaka ule petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,400 kwa lita. Bila ruzuku ingekuwa juu zaidi.

Ugumu wake ni huu. Tozo ya mafuta ndiyo inayotengeneza barabara, ikiwa ni pamoja na hii yetu inayochimbwa na malori ya Zambia na Kongo. Ukiiondoa leo, mashimo ya Igawa hadi Tunduma utayalipia kwa springi na matairi. Pia ruzuku ya lita humsaidia zaidi mwenye gari kubwa kuliko bibi wa Makete anayetembea kwa miguu. Tukiambiwa tuchague, tungeipeleka kwenye dizeli na mbolea kabla ya petroli.

## Inavyofika mfukoni

16. Nauli ya basi na bodaboda inapaswa kupanda kiasi gani?

Nauli za daladala na mabasi ya mikoani zina kikomo cha LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Zilipandishwa Mei 2022 na tena Desemba 2023, ambapo daladala ya hadi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 hadi 600. Kondakta hana mamlaka ya kupandisha kwa sababu amesikia habari.

Bodaboda na bajaji ni makubaliano yenu, kwa hiyo piga hesabu. Pikipiki nyingi zinakwenda kama kilomita 40 kwa lita. Safari ya kilomita tatu, tuseme Mwanjelwa hadi Soweto na mizunguko yake, haimalizi hata sehemu moja ya kumi ya lita. Petroli ikipanda shilingi 300, mafuta ya safari hiyo yameongezeka kama shilingi 23. Anayetaka 500 zaidi anakutania. Lakini mwelewe naye: akizunguka kilomita 120 kwa siku ametumia lita tatu, yaani shilingi 900 zimetoka kwenye ugali wake kila siku, na hawezi kukudai shilingi 23 kwa sababu chenji hiyo haipo.

17. Wenye malori wamepandisha usafiri wa viazi kwa sababu ya dizeli. Tutajuaje kama ni kweli?

Hili ndilo swali lenye fedha nyingi kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Chukua Fuso la tani kumi kutoka Isyonje au Uyole hadi Dar es Salaam. Tuseme likiwa na mzigo linatumia lita 30 kwa kilomita 100, kwa kilomita 830 ni kama lita 250. Likirudi tupu linatumia lita 180. Jumla 430. Dizeli imepanda shilingi 300: 430 mara 300 ni shilingi 129,000. Gari limebeba magunia 100 ya kilo mia. Kila gunia linastahili kuongezewa shilingi 1,290, na hapo umembebea mwenye gari hata safari ya kurudi, ambayo mara nyingi anaipatia mzigo mwingine wa dukani au saruji.

Sasa ukiambiwa usafiri umepanda shilingi 4,000 kwa gunia, uliza zile 2,700 ni za nini. Inawezekana kuna jibu: matairi, vilainishi na vipuri navyo huagizwa kwa dola. Inawezekana jibu ni kwamba barabara ya shamba imeharibika na gari linazama. Lakini mara nyingi jibu ni dalali. Na kama magunia ni ya lumbesa, yaani yamejazwa kupita kipimo, gunia lako la kilo 130 limebebwa kwa bei ya gunia moja huku wewe ukilipwa gunia moja, kwa hiyo hasara yako ilianza kabla dizeli haijapanda.

Kwenye mazao yenye thamani kubwa kwa kilo, kama kahawa, ongezeko hilo halionekani. Kwenye viazi, kabichi, ndizi za Tukuyu na mbao linauma, kwa sababu unabeba uzito mwingi wenye bei ndogo.

18. Mbolea inahusianaje na vita vya mafuta?

Yurea hutengenezwa kwa gesi asilia, na Qatar, Saudi Arabia na Iran ni miongoni mwa wauzaji wake wakubwa. Mzigo wao unapita Hormuz ile ile. Gesi ikipanda au njia ikibana, yurea inapanda hata kama dizeli imetulia.

Kwetu kalenda ndiyo inayoamua ukubwa wa kidonda. Mvua zinaanza Novemba, mbolea ya kupandia na kukuzia inapaswa iwe ghalani kabla. Misukosuko ya Februari inakuta mkulima wa Mbozi ameshaweka mbolea shambani, na bei ina miezi ya kutulia. Misukosuko ya Julai hadi Oktoba ndiyo ya kuogopa, maana waagizaji wananunua wakati huo.

Mwaka 2022 mbolea ya kupandia ya DAP ilikuwa imepita shilingi 130,000 kwa mfuko. Tarehe 8 Agosti mwaka huo, kwenye Nane Nane iliyofanyika hapa Mbeya viwanja vya John Mwakangale, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku iliyoishusha hadi shilingi 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa. Kama hujajisajili, bei utakayokutana nayo ni ile ya soko la dunia, kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji kabla ya msimu.

19. Umeme nao utapanda? Na gesi ya kupikia?

Umeme, si kwa sababu hiyo. Gridi yetu inategemea maji na gesi ya ndani: Mtera, Kidatu, Kihansi, na sasa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Anayeumia ni mwenye mashine ya kusaga ya dizeli kijiji ambacho nguzo hazijafika.

Gesi ya mtungi ni habari nyingine kabisa. Haitoki Songo Songo. Inaagizwa kwa meli, inafuata soko la dunia, na haimo kwenye lile jedwali la bei kikomo la kila mwezi. Ikipanda, watu wa Mafinga na Njombe wanarudi kwenye mkaa, kisha mkaa nao unapanda kwa kugombaniwa.

## Mafuta yakikosekana, na mambo ya pembeni

20. Meli iko bandarini, lakini sheli inasema hakuna mafuta. Inakuwaje?

Angalia tarehe. Kama ni siku chache kabla ya Jumatano ya kwanza na kila mtu anajua bei itapanda, mwenye sheli asiye mwaminifu ana sababu ya kufunga pampu na kusubiri. Mwaka 2023 EWURA ilivifungia baadhi ya vituo kwa kuficha mafuta. Kama bei inatarajiwa kushuka, kinyume chake hutokea: hakuna anayetaka kuagiza lori la bei ya zamani, tangi linakauka kwa uoga.

Sababu nyingine ni ya kawaida tu. Lori limekwama Kitonga nyuma ya ajali. Sheli ndogo za Chunya au Ludewa zenye tangi dogo hukauka kwanza na hujazwa mwisho.

21. Nimeuziwa juu ya kikomo. Nifanye nini?

Dai risiti ya mashine, inayoonyesha lita na bei. Piga picha ubao wa bei. Peleka malalamiko EWURA, ambao wana ofisi ya kanda Mbeya. Bila risiti ni maneno yako na ya mhudumu wa pampu. Chupa za barabarani vijijini hazina risiti wala kipimo, na anayenunua huko kwa dharura ajue analipia ukaribu.

22. Niweke madumu machache nyumbani?

Usiweke. Petroli inatoa mvuke unaotambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa, na nyumba zetu za baridi tunalala tumefunga madirisha. Pia kila mtu akijaza madumu matatu, sheli inayotosha wiki inakwisha siku mbili, na uhaba ambao haukuwepo unakuwepo.

Na lori likipinduka, kimbia kwenda upande mwingine. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya mia moja walikufa wakichota petroli iliyomwagika, kwenye barabara hii hii inayokuja kwetu.

23. Mafuta ya transiti ni nini, na mbona Tunduma yanauzwa rahisi?

Ni mafuta yanayokwenda Zambia, Kongo au Malawi, ambayo hayajalipiwa kodi za Tanzania. Yakichepushwa na kuuzwa huku, muuzaji anaweza kupunguza bei na bado akafaidi. Ndiyo sababu mafuta ya soko la ndani huwekwa vinasaba (kemikali za kuyatambulisha), na wakaguzi wakipima tangi la sheli wasivikute, kuna kesi. Bei ikipanda, kishawishi hiki kinaongezeka, pamoja na kile cha kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli. Kishawishi cha pili kilipunguzwa mwaka 2011 kwa kupandisha kodi ya mafuta ya taa. Bei rahisi inayolipwa kwa kubadilisha pampu ya injini si rahisi.

Upande wa Kasumulu mkondo unageuka. Malawi ikikosa fedha za kigeni za kuagizia, mafuta yanavuka mpaka kwa madumu, na sheli za Kyela zinaweza kukauka ingawa Tanzania ina akiba ya kutosha.

24. Imewahi kuwa mbaya kuliko mwaka 2022?

Ndiyo. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta, pipa lilitoka karibu dola 3 hadi karibu 12 kufikia Januari 1974. Mapinduzi ya Iran ya 1979 yakaongeza tena, nasi tukiwa tumetoka vitani Kagera. Wenye umri wanakumbuka magari binafsi kuzuiwa kutembea Jumapili mchana. Mwaka 2022, kwa kulinganisha, mfumuko wa bei wa taifa haukuvuka asilimia 5, ingawa aliyenunua mbolea na mafuta ya kupikia mwaka huo hatakubaliana na namba hiyo.

25. Nimeshasaini mkataba wa kupeleka mbao Dar es Salaam kwa miezi sita, dizeli imepanda. Nimefungwa?

Kama mkataba hautaji mafuta, umefungwa kwa bei uliyoandika, na mteja akikuongezea ni hisani. Mkataba ujao andika bei kikomo ya dizeli ya wilaya yako siku ya kusaini. Kisha andika lita zinazotumika. Semi ya Mafinga hadi Dar es Salaam, kwenda na kurudi, tuseme lita 450: kila dizeli inapopanda shilingi 100 juu ya bei ya siku ya kusaini, malipo ya safari yanaongezeka shilingi 45,000. Ikishuka 100, yanapungua 45,000. Weka vyote viwili kwa maandishi, maana mteja mwenye akili atakataa kusaini kile cha kwanza peke yake. Marekebisho yafanyike Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa jedwali la EWURA, si kwa bei ya sheli mliyopita njiani.